Saa ya Mzee Niliyouza Soo Nane

Nianze na aibu yangu, ndio tusonge. Mwaka wa pili chuoni, kodi ya bedsita ikiwa imechelewa wiki tatu, niliuza saa ya mzee wangu kwa jamaa wa hosteli. Soo nane. Mia nane, wasee! Mzee aliivua mkononi akanipa siku nilipopanda matatu kutoka Embu kuja Meru kuanza masomo. Mimi nikaona takataka: nzito, kioo cha plastiki kimekwaruzika, maandishi ya Kirusi, na kile kitufe cha kujazia ukikifungua kinachezacheza kama jino bovu.

Chuo niliacha mwaka uliofuata. Hiyo mzee anajua. Ya saa hajui.

Juzi nilikuwa soko la Gakoromone nikirekodi video ya mafundi, nikaona pacha wake mezani kwa fundi mmoja. Nikamwambia, "Mzee, hii kitufe kimekufa."

"Hakijafa, kijana. Kimetengenezwa hivyo, kikigongwa kisivunje kitu ndani."

Akaifungua nyuma. Kifuniko ni kisahani tu, kinashikwa na pete yake. Ukikaza, pete ndiyo inazunguka, kisahani kinatulia, kwa hivyo mpira wa kuzuia maji haupindiki. Sasa sikia hii: ukizama, maji yenyewe yanasukuma kisahani na kuubana mpira zaidi. Kioo pia. Ni kinene, kinabonyea kidogo na kuziba. Kina kinapoongezeka, saa inazidi kujifunga, hadi mita 200.

Usiku sikulala, nilikuwa nasoma. Vostok Amphibia, ya mji wa Chistopol, Urusi, mwaka wa 1967. Walioibuni ni Mikhail Novikov na Vera Belova. Rolex na Blancpain walikuwa wametoa saa zao za wapiga mbizi tangu 1953, lakini hawa wawili hawakuiga. Walitafuta njia yao, ya bei nafuu, na ikafanya kazi.

Hapo ndipo nilipomwelewa mzee. Aliinunua kwa kibarua mwenzake wakijenga bwawa la Kiambere, lile lililokamilika 1988. Embu hatuna bahari, lakini matope, simiti na maji ya Tana yalikuwa tele, na yeye husema haikuwahi kuingiza tone. Aliponipa hakuwa ananipa jina la kuringia. Alinipa kitu alichokipima mwenyewe.

Ukitaka ya kwako, mambo mawili. Nyingi zimeunganishwa na vipuri vya saa tofauti, kwa hivyo mpe fundi aifungue kabla hujatuma pesa. Na usiogelee nayo. Mpira wa miaka arobaini umechoka, hata kama mwili wa saa bado ni chuma. Lakini kwa bei ya Rolex feki ya mjini unapata mashine halisi. Mimi sioni mashindano hapo.

Ile ya Gakoromone nimeinunua, thao tatu na nusu. Sio yenyewe. Ya mzee ilikuwa na mkwaruzo mrefu juu ya kumi na mbili. Rafiki yangu anasema nimpe tu, macho ya mzee siku hizi si mazuri, hatajua.

Jumamosi nashuka Embu. Saa itakuwa mfukoni, si mkononi, na nitaanza na ile soo nane kabla sijaitoa.