Shahada Ipo, Ualimu Je?

Binti mmoja wa mtaa wetu hapa Bariadi ana shahada ya kemia. Alipoiomba kamati yetu ya msikiti msaada wa ada ya Stashahada ya Uzamili ya Elimu katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, baadhi yetu tulihoji: kwani shahada haitoshi? Akatujibu kwa adabu kuwa kuijua tindikali si kujua kumfundisha mtoto asiyewahi kuiona. Huko atasoma saikolojia ya elimu, mbinu za ufundishaji na upimaji, kisha ataingia darasani kwa mazoezi. Mfuko wa msikiti hatukuugusa. Tulichangishana wenyewe, wengine kwa fedha ya pamba. Ndugu wazazi, elimu ni amana, na wenye amana hii ni watoto wetu.