Kaki ya Yusuf Haji na Kadi ya Mama

Nilipokuwa mtoto Garissa tulifundishwa tusimkimbie mtu wa serikali, kwa sababu anayekimbia ndiye anayefukuzwa. Tulimtambua kwa mbali: kaki iliyopigwa pasi ikakakamaa, kofia ngumu ya enzi za ukoloni, kijiti kwapani. Akipita karibu na soko la mifugo, wazee walikatiza maneno ya bei ya ngamia na kunyamaza mpaka vumbi la gari lake litulie.

Sare hiyo ilitufikia kwa mto. Mwaka 1891 ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, F. G. Dundas, alipanda Tana kwa meli ya mvuke iliyoitwa Kenia. Yeye alipita tu. Waliokuja baadaye walikaa, na kwa sheria za 1902 na 1934 wakaifunga kaskazini yote, mtu asitoke wala kuingia bila pasi. Mpaka leo utamsikia mzee wa Garissa akisema anakwenda "Kenya", na maana yake ni kwamba anavuka daraja la Tana.

Ndani ya kaki hiyo hiyo akaingia kijana wetu. Yusuf Mohamed Haji alizaliwa mwaka 1940, na alipofanya kazi katika utawala wa mikoa, mkoa wetu ulikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru. Adeer yangu, ndugu wa baba, ambaye hakuwahi kumsifu mtumishi wa serikali hata mmoja, alilitaja jina la Haji kama anayemtaja mwanawe. "Siku moja," alisema, "aliyevaa ile kofia atakuwa anajua kwetu ni wapi."

Novemba 1980 Bulla Kartasi, mtaa wa Garissa, iliteketezwa na vikosi vya serikali. Watu walikusanywa kwenye uwanja wa shule, nasi watoto tukaona moshi ukisimama juu ya mji. Februari 1984 yakaja mauaji ya Wagalla, kule Wajir. Katikati ya misiba hiyo miwili tulikuwa na furaha, nami siisahau. Agosti 1982 wanajeshi wa anga walipojaribu kuipindua serikali, aliyeongoza kikosi cha kuikomboa redio alikuwa Mahmoud Mohamed, Msomali mwenzetu. Mwaka 1983 ndugu yake, Hussein Maalim Mohamed, akawa waziri. Mwaka 1986 Mahmoud mwenyewe akawa Mkuu wa Majeshi. Tulihesabu vyeo vyetu kama mfugaji anavyohesabu ngamia jioni zizini, tukaamini kwamba waliokuwa juu wametushika mkono sote.

Kisha ikaja 1989. Serikali iliamuru kila Msomali wa Kenya aliyetimiza miaka 18 ajitokeze kuhakikiwa uraia wake. Nilimsindikiza mama. Alivaa guntiino, vazi lake la sherehe, akabeba cheti chake cha zamani kimefungwa ndani ya kitambaa. Aliulizwa ukoo, jilib (tawi la ukoo), jina la babu wa babu, na kisima walichonyweshea mifugo mwaka wa ukame. Siku ya kwanza alirudishwa. Siku ya pili akarudishwa tena, kwa sababu mzee mmoja aliyeketi kwenye benchi alisema hamjui. Siku ya tatu akapewa kadi ya pinki, ithibati kwamba amehakikiwa. Mama hakulia pale. Alilia nyumbani, akichanja kuni, na kila nilipotaka kumsaidia alinifukuza. Siku zile majeshi yote ya Kenya yalikuwa chini ya mtu wa kwetu.

Haji alipanda mpaka akawa Mkuu wa Mkoa wa Bonde la Ufa. Huko mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990 yaliua na kuwafukuza watu makwao, na Tume ya Akiwumi ilipoyachunguza, utawala wa mikoa haukuepuka lawama. Nayasema haya kwa kuwa nilimheshimu. Kaki ile haikubadilika kwa kuvaliwa na mtu wa Ijara.

Akaivua, akaingia siasa. Ijara walimchagua mbunge mwaka 2002, na Aprili 2008 akateuliwa Waziri wa Ulinzi. Adeer alikuwa bado hai. Alichinja mbuzi, akaalika bulla nzima, mtaa wote, nami nikachukua likizo kazini nikaja kula.

Oktoba 2011 ni Haji na waziri mwenzake George Saitoti waliotangaza kwamba jeshi litavuka mpaka kuingia Somalia. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2012, wanajeshi watatu walipigwa risasi mjini Garissa. Baada ya hapo soko likawaka moto, na wafanyabiashara wakawanyoshea wanajeshi kidole. Nilisimama kwenye majivu ya vibanda vya nguo nikakumbuka moshi wa 1980. Safari hii waziri mwenye jeshi alikuwa mwana wetu, yule tuliyemchinjia mbuzi.

Sidai kwamba aliamuru. Nadai kwamba sisi tuliomshangilia hatukuwahi kumwomba jambo la maana. Walioweza kumfikia walimpelekea barua za kazi, nafasi za shule, uhamisho wa binamu. Mimi mwenyewe niliwahi kuandika barua ya namna hiyo kwa niaba ya mpwa wangu. Kuhusu kadi ya mama sikuandika hata mstari. Wapwa zangu walipofika miaka 18 walipelekwa mbele ya kamati za uhakiki wakaulizwa yale yale, ukoo na babu wa babu, huku vijana wa ng'ambo ya mto wakichukua vitambulisho bila maswali hayo.

Haji alikuwa Seneta wa kwanza wa Garissa chini ya katiba mpya, na alifariki Nairobi tarehe 15 Februari 2021, akiwa na miaka 80. Kiti chake alikichukua mwanawe, Abdul, bila mpinzani. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini mjini Wajir tangazo la kuufuta uhakiki ule. Mama hakuiona siku hiyo.

Kadi yake ninayo, ndani ya kitambaa kile kile. Kama mzazi wako bado anayo ya kwake, mwombe asiitupe, na mwulize aliulizwa nini siku ile kabla hajasahau.