Nilipoziba Upepo

Januari mwaka jana kaka yangu aliye Minnesota, kule ambako Wakisii ni wengi, alitutumia video ya mtambo mweupe uliofungwa nje ya nyumba yake. Pampu ya joto. Mama aliirudia mara tatu.

"Nje kuna theluji. Hilo joto inalitoa wapi?"

Nilikuwa nyumbani Nyamira wikendi hiyo, kwa hiyo nilimpeleka dukani kwa jirani nikamshikisha mgongo wa friji ya soda. Ulikuwa moto. Friji huchota joto lililo ndani na kulitupa nyuma. Pampu huchota nje na kulitupa ndani. Hata hewa ya theluji ina joto kiasi, na ile gesi inayozunguka kwenye mtambo huwa baridi kuliko hewa yenyewe, basi joto linaihamia. Ndiyo maana uniti moja ya stima inaweza kuingiza joto la uniti tatu hivi.

"Kumbe ni kuhamisha tu," mama akasema. Kisha akauliza yake itafika lini.

Pesa ya pampu sikuwa nayo. Lakini kaka alikuwa amesema kitu kimoja: kabla ya mtambo, ziba nyumba, la sivyo utapasha moto kaunti nzima. Hiyo niliiweza. Nyumba ya mama ni ya mabati, na kati ya ukuta na paa kulikuwa na nafasi ya kupitisha mkono. Julai huku kwetu si mchezo, ukungu unaingia hadi kitandani. Basi Juni nikaleta fundi. Tukapiga silingi bodi, tukajaza kila tundu, tukaweka mpira chini ya mlango. Nilipiga picha nikamtumia kaka, nikajisikia mhandisi.

Wiki tatu baadaye, saa kumi na moja asubuhi, dada yangu alinipigia simu Nairobi. "Baba haamki."

(Kwa Kigusii, baba ni mama. Jamaa ninayeishi naye alinipa pole ya mzee ambaye tulimzika 2009.)

Mama alikuwa ameingiza jiko la makaa chumbani, kama alivyofanya kila Julai tangu nikiwa mtoto. Sikuwahi kumuuliza anaotaje moto usiku. Nilijua, nadhani, ila nililichukulia kama kawaida yake. Makaa yakiungua hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na inashika damu mahali pa oksijeni. Miaka yote hiyo ilikuwa ikitokea pale juu, kwenye zile nafasi nilizolipa fundi azibe.

Alilazwa siku mbili, akiwekewa oksijeni. Kichwa kilimuuma wiki nzima. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Alilaumu makaa, eti yalikuwa mabichi.

Fundi alirudi akatoboa matundu mawili ukutani, akayafunika kwa wavu. Alinitoza tena. Jiko sasa halivuki mlango wa jikoni, na usiku mama analala na chupa ya mpira iliyojaa maji moto, ameivalisha soksi yangu ya shule.

Majuzi kaka aliuliza kwenye grupu ya familia kama ile kazi ya kuziba ilisaidia. Mama akamjibu kwa sauti, kabla yangu: "Kijana alifanya vizuri. Tuma pampu."

Kaka hajui alilazwa. Nimeandika ujumbe mara mbili, nikaufuta.