Nyota za Varamin zimehamia London

Wiki hii safu yako imepanda ndege, kwa hisani ya binamu yangu anayebeba maboksi London. Siku yake ya mapumziko akaniuliza nataka kwenda wapi, akidhani nitataja uwanja wa mpira. Nikamwambia makumbusho ya Victoria and Albert, nikaone vigae vya Uajemi.

"Vigae? Dogo, umekuja huku kote kuangalia vigae? Si hata chooni kwangu vimo!"

Nikamjibu kiingilio ni bure, kaka. Hapo hakubisha tena. Ukishuka treni ya chini ya ardhi kituo cha South Kensington, kuna njia ndefu inapita chini kwa chini mpaka makumbusho, mvua haikugusi. Kwenye ukumbi wa vitu vya nchi za Kiislamu limelazwa zulia kubwa la Ardabil, na watu karibu wote wanakimbilia hilo. Sisi tukaenda kwenye vigae.

Jamani! Ni nyota za pembe nane, na katikati ya nyota na nyota vimepachikwa vigae vya umbo la msalaba (dini haimo hapo, ni hesabu tu za kuziba nafasi). Ukivitazama kwa mbele unaona michoro ya maua na majani, rangi ya kahawia. Haya, sogea hatua moja pembeni. Kigae kizima kinawaka kama dhahabu! Binamu alisogea kushoto, akarudi kulia, akachuchumaa. Maneno ya chooni yakaisha.

Na dhahabu yenyewe haimo hata chembe. Mafundi wa mji wa Kashan walisaga mawe meupe, wakachanganya na unga wa kioo na udongo mweupe kidogo, wakafinyanga, wakapaka maji ya kioo na kuchoma. Kikishapoa ndipo wakachora kwa rangi yenye fedha na shaba, kisha kikarudi tanurini mara ya pili, moto mdogo, hewa imebanwa, moshi umejaa. Moshi ule ndio uliobakiza utando mwembamba wa madini juu ya kioo. Hewa ikizidi kidogo, kazi yote imekula kwako. Siri hiyo ilikuwa ya koo chache. Abu'l-Qasim, mtoto wa ukoo mmoja wa mafundi hao, ndiye aliyeiandika kitabuni mwaka 1301.

Sasa tazama tarehe. Mwaka 1258 Wamongolia waliiteka Baghdad na kuua watu wasiohesabika. Nyota hizi ni za mwaka 1262, miaka minne tu baadaye, na pembeni yake zimezungushiwa aya za Kurani kwa mwandiko mdogo. Dunia imepinduka, fundi yuko tanurini anapuliza moto.

Hazikutengenezwa ziwekwe ndani ya kabati la kioo. Zilifunika kuta za kaburi la Imamzada Yahya, mmoja wa wazao wa Imam Hasan, katika mji wa Varamin kusini ya Tehran. Karne ya 19 wazungu walipopagawa na vigae hivi, vikaanza kubanduliwa na kuuzwa, kimoja huku, kimoja kule. Mihrabu ya mwaka 1265, kazi ya baba yake Abu'l-Qasim, ilinunuliwa na tajiri wa Kimarekani Doris Duke mwaka 1940, nayo iko Honolulu, kisiwani katikati ya Pasifiki. Vigae vya juu ya kaburi lenyewe, vya mwaka 1305, viko Saint Petersburg. Kule Varamin jengo bado limesimama na watu wanaingia kuomba dua, lakini kuta zile zimebaki tupu.

Nilikumbuka makaburi ya kale ya Kunduchi, yale yaliyopambwa kwa bakuli za Kichina. Wangapi tumepiga picha pale bila kujiuliza yale mashimo yalikuwa na nini?

Mlinzi akapita kutangaza kuwa wanafunga. Binamu alikuwa bado amechuchumaa mbele ya nyota moja.

"Dogo, na huyo mwenye kaburi, naye walimhamisha?"

"Hapana, kaka. Yeye yuko palepale."

Hakusema kitu mpaka tumefika kwenye treni.