Nusu Wali, Mboga Zaidi

Usiku wa Jumamosi, tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo liliwaka moto. Mimi naishi hapa hapa Kariakoo, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake ni pambo tu. Mhariri aliponipigia simu nilikuwa tayari nimeshaona wekundu angani. Nikabeba daftari, nikateremka ngazi, nikaanza kukimbia. Kutoka kwangu hadi sokoni hata kilomita moja haifiki. Nilikwenda kama mita mia tatu hivi, nikasimama, mikono magotini, koo linawaka, na watu wananipita: wenye vizimba wanalia, vijana wa kubeba mizigo, mzee mmoja mwenye kanzu. Mzee alinipita.

Nilifika sokoni kwa kutembea. Habari niliiandika, na usiku ule watu walipoteza mali ya maisha yao yote, kwa hiyo kulalamikia pumzi zangu ingekuwa aibu. Sikumwambia mtu. Wiki iliyofuata nilipanda mzani wa duka la dawa la mtaani kwetu. Kilo 91, na mimi si mrefu.

Naomba nieleze kilo hizo zilikotoka, maana hazikuja kwa bahati mbaya. Mimi ni mwandishi wa habari za biashara na masoko. Kazi yangu inafanyika hotelini. Mgeni wa mji huu ajue kwamba hoteli ya Kariakoo si mahali pa kulala; ni meza za plastiki, feni, sinia la vitumbua kioo mbele na mhudumu anayetaja vyakula vyote kwa pumzi moja. Mfanyabiashara wa Kariakoo hazungumzi dukani kwake. Ukimfuata dukani atakwambia biashara nzuri, tunamshukuru Mungu. Mketishe mbele ya sahani ya pilau saa saba mchana, ndipo utasikia habari za kodi, za makontena yaliyokwama bandarini, za mtoto aliyemaliza chuo na hana kazi. Nusu ya habari nilizowahi kujivunia zilianza na mtu anapangusa mikono.

Kwa hiyo asubuhi ni supu na chapati mbili na mtu wa kwanza. Mchana wali nyama na mtu wa pili. Jioni nimechoka, kupika ghorofa ya nne kwa ajili ya mtu mmoja ni uchungu, nateremka kununua chipsi mayai kwa kijana wa kona. Nilikula hivyo miaka minane.

Nilianza kukimbia mwezi wa nane mwaka ule ule. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla maduka hayajafunguliwa, Kariakoo inakuwa na njia. Huwezi kuamini ni mitaa ile ile ambayo saa nne asubuhi unapita kiubavu. Nilikuwa nakwenda hadi Mnazi Mmoja, nashika Bibi Titi, nazunguka kidogo Upanga, narudi. Kilomita tano, mwanzoni nyingi zake za kutembea. Vijana wa bodaboda hawakuniacha salama. "Dada, usimalize zote, tubakizie!" Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya kumi nilihamia upande wa pili wa barabara.

Baada ya miezi minne nilirudi kwenye mzani. Kilo 89 na nusu. Miezi minne, kilo moja na nusu!

Hapo ndipo nilipofanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya mwanzo. Wakimbiaji wana kanuni yao ya haraka haraka: kila kilo ya mwili wako, kwa kila kilomita, inachoma takriban kalori moja. Mimi wa kilo 91, kwa kilomita tano, nilikuwa nachoma kama kalori 455. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120. Maana yake asubuhi nzima ya jasho, kejeli na magoti ilikuwa sawa na vijiko visivyofika vinne vya mafuta. Kijana wa kona hatumii vijiko. Anatumia kikombe. Na mimi, kwa kuwa "nimefanya mazoezi leo", nilikuwa naongeza mishkaki miwili juu.

Wakati huo nilikuwa nasoma kitabu cha Haruki Murakami kuhusu kukimbia, kile kilichotoka mwaka 2007. Wasomaji wengi hapa wanakijua. Kabla ya kuwa mwandishi tu, Murakami alikuwa na baa ya jazi Tokyo. Akaiuza, akaanza kukimbia mwaka 1982 akiwa na miaka 33, kwa sababu kukaa mezani kunanenepesha na sigara zilikuwa zinammaliza. Akaanza kulala mapema. Akakataa mialiko. Waliokasirika wakakasirika. Nilikipenda kitabu kile na bado nakipenda, lakini nilipofika sehemu hiyo nilikifunga kidogo. Nikajiuliza, huyu bwana angeishi Mtaa wa Ndanda angeweza? Kukimbia ni jambo la mtu mmoja. Kula ni jambo la watu. Mimi mialiko ndiyo kazi yangu, na kwetu mtu akikwambia "karibu", ukajibu "asante, niko kwenye dayati", umemwambia kitu kingine kabisa.

Nililijua hilo kwa mama wa hoteli ninayokula mchana. Sitamtaja, hapendi mambo ya magazeti. Siku ya kwanza nilipomwambia nusu wali, mboga zaidi, na mchuzi auchote chini bila yale mafuta yanayoelea, alisimama na upawa hewani. "Chakula changu kina nini?" Nikasema hakina kitu mama, ni mimi tu. "Wewe una nini?" Watu watatu mezani wakageuka. Akanipakulia nusu, akataka nilipe nusu, nikakataa, tukabishana bei kinyumenyume mbele ya wateja. Wiki nzima alinihudumia bila kunitania. Kwake yeye ilikuwa kama nimehama.

Siku moja nilichelewa, nikamkuta anakula yeye mwenyewe, nyuma, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Ugali wa dona kidogo, mlenda, dagaa. Wali wake mzuri wa nazi hakuugusa. "Sukari," akaniambia, kama mtu anayetaja jina la mpangaji mwenzake. Miaka sita anapika sinia za wali na haonji zaidi ya kijiko. Tangu siku hiyo nusu wali yangu inakuja kabla sijaagiza. Watu wangu wa habari nao wamezoea. Tuseme ukweli, aliyekuja kulalamika kuhusu kodi haangalii sahani yako.

Kilo zikaanza kutoka. Machi 2022 Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa nikaongeza njia: Upanga, daraja lenyewe kilomita moja na ushee juu ya maji, halafu kurudi kwa barabara ya baharini. Kilomita kumi kwa jumla. Agosti nilikuwa na kilo 80, na nilikuwa najisikia vizuri kuliko wakati wowote tangu chuo.

Sasa jamani, Kiswahili chetu cha mtaani mtu mnene kinamwita mwenye afya. "Siku hizi una afya!" Akipungua ndipo maswali yanaanza. Umekonda, vipi, kuna nini, shemeji anakutesa? Nilikuwa nayacheka.

Jumapili moja ya mwezi huo nilikwenda Buguruni kwa mama. Baada ya kula, akaniita chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani.

"Mwanangu, umepima?"

"Nimepima mama. Themanini."

Akanitazama tu. Nilichukua muda kuelewa kwamba hatuzungumzii mzani.

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka tisa. Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, alikuja kukaa kwetu chumba cha nyuma. Alikuwa mwanamke wa mwili, wa kicheko, kanga mpya kila Idi. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kule ugonjwa uliitwa Juliana, na ng'ambo ya mpaka Uganda uliitwa "slim", kwa kuwa unakondesha. Kwetu haukuitwa kitu. Ulikuwa "anaumwa". Mama alikuwa anampikia mtori, uji wa ulezi, supu ya samaki, na mimi ndiye niliyekuwa narudisha vyombo. Vilikuwa vinarudi vimejaa. Nakumbuka uzito wa bakuli lile mikononi. Aliondoka mwezi wa kumi na moja, na aliyemuosha ni mama.

Kwa miezi mingi nilikuwa nakwenda Buguruni na kusema "imetosha mama, usiniongeze", na kila Jumapili mwili umepungua kidogo. Sikuwahi kufikiri yeye anaona nini.

Sikumweleza habari za kalori. Kesho yake nilikwenda kupima kweli, nikamletea majibu, nikamletea na raba zangu zilizotoboka nyayo. Majibu alinirudishia, maana hakuwa na miwani; nilimsomea. Raba alizishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye tundu.

"Alhamdulillahi," akasema. "Sasa kula."

Tangu hapo nina makubaliano ambayo hayamo kwenye programu yoyote ya simu. Jumatatu hadi Jumamosi, nusu wali. Jumapili anachonipakulia mama nakula, chote, na akiongeza nakula. Sijafika kilo 70 nilizojiwekea. Miaka mitatu sasa nimekaa kwenye 78, nikipanda kidogo mwezi wa Ramadhani, nikishuka kidogo baadaye. Vijana wa bodaboda wamebadilisha maneno tangu Alphonce Simbu alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo Septemba 2025, kwa tofauti ya sekunde 0.03. Sasa nikipita wananiita Simbu. Nimerudi upande wao wa barabara.

Jumapili iliyopita ulikuwa wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama alinipakulia, akakaa mbele yangu bila kula, anaangalia mkono unakwenda na kurudi. Nilipofika katikati ya sahani alivuta ya kwake, akaanza kunihadithia habari za jirani.