Jina la Mtoto Wako

Sirari, Tarime

Mjukuu wangu Mwita,

Habari ya kuzaliwa kwa kitukuu changu imetufurahisha mno. Umeniuliza umwandikishe kwa jina gani la ukoo huko Uholanzi. Nisikilize.

Hao wenyeji wako zamani walikuwa kama sisi. Jan akimzaa Pieter, aliitwa Pieter Jansz, yaani wa Jan. Pieter akimzaa Hendrik, aliitwa Hendrik Pietersz. Mwaka 1811 Napoleon, aliyekuwa akiwatawala, akaamuru kila asiye na jina la ukoo aandikishe moja la kudumu. Ndiyo maana leo akina Jansen wamejaa huko, na baba zao hawaitwi Jan.

Kwetu Mara nako yametokea. Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki alimzaa Kambarage, naye dunia ikamjua kwa jina la baba yake: Julius Nyerere. Watoto wake nao wakaitwa Nyerere. Jina la Burito limebaki kwa wanaokumbuka.

Wewe ni Mwita Chacha Marwa. Hilo la mwisho ni langu, na ndilo litakaloandikwa kuwa la ukoo. Liandikishe, usishindane na sheria ya ugenini. Ila sitaki nigeuzwe chanzo cha ukoo. Mimi nina baba, naye alikuwa na baba.

Basi fanya mambo mawili. Kwanza, mtoto apewe jina lake, lifuatwe na Mwita, kisha Chacha, ndipo lije Marwa. Hapo hakuna baba aliyerukwa. Pili, mfundishe kuwataja waliotangulia. Nimekuwekea karatasi yenye majina ya baba zangu, pamoja na ikiaro chetu, yaani ukoo wetu mkubwa, na egesaku yetu, yaani tawi letu ndani yake. Akina Chacha na Marwa wako kila mji wa Wakuria, huku kwetu na ng'ambo ya mpaka, Isebania. Ukisema Marwa tu, wazee watauliza: wa nani? Wataendelea kuuliza mpaka wajue umetoka mlango upi, na hivyo ndivyo vijana wetu wanavyoepushwa kuoana na ndugu zao.

Anza sasa, angali mchanga. Asikie majina hayo kabla hajajua maana yake. Mtakapokuja likizo, nitamtaka ayataje mwenyewe mbele ya wazee.

Mungu awalinde.

Babu yako,
Marwa