Kusoma Vitabu vya Waingereza Chuo Kikuu

Wengi wetu hudhani ya kuwa hadithi za Waingereza ni mambo ya mbali, yasiyopata kufika huku kusini ila kwa mitihani. Sivyo. Askofu Edward Steere, yule aliyewaleta Masasi watu waliokombolewa utumwani, mwaka 1876, alikuwa amekwisha kupiga chapa kijitabu huko Unguja mwaka 1867, nacho kiliitwa Hadithi za Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na hadithi za michezo ya Shakespeare, zimesimuliwa kwa Kiswahili. Basi Shakespeare aliingia katika lugha yetu kabla kanisa la Masasi halijajengwa.

Walakini wazee wetu wa Nachingwea waliwajua Waingereza kwa kazi, si kwa vitabu. Mpango wa karanga ulioanzishwa mwaka 1947 ulileta matrekta, nyumba za maofisa, na reli kutoka Mtwara. Mwaka 1951 ukavunjwa kwa hasara kubwa, na reli nayo ikang'olewa baadaye. Waliofyeka pori lile waliwaona Wazungu kuwa watu waliozaliwa na mshahara, wasiojua njaa wala deni. Picha hiyo wajukuu tuliirithi, nami nalikwenda nayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, nilipochaguliwa kusoma fasihi.

Vitabu vyao wenyewe ndivyo vilivyoifuta. Nalisoma habari za Charles Dickens, ya kuwa mwaka 1824, naye ni mtoto wa miaka 12, alipelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu, hali baba yake amefungwa gerezani kwa sababu ya deni. Nalisoma habari za Thomas Hardy, mtoto wa mwashi, aliyeandika juu ya wanakijiji wa kwao, wakata nyasi na wakamua maziwa. Sikuwa nimejua kwamba Waingereza nao wana wanakijiji.

Kitabu kimoja cha Hardy, kiitwacho The Mayor of Casterbridge, kilichotoka mwaka 1886, kilinishika kuliko vyote. Mtu mmoja, jina lake Henchard, maskini mwenye kutafuta kazi ya nyasi, analewa katika gulio na kumwuza mkewe kwa baharia, kwa ginie 5. Kisha anatubu, anaacha pombe, na baada ya miaka mingi anakuwa tajiri wa nafaka na mkuu wa mji. Siku moja anamwendea mtu mwenye kubashiri hali ya anga. Anaambiwa kwamba mvua itaharibu mavuno. Basi ananunua nafaka nyingi mno, akingoja bei ipande kwa shida ya watu. Jua likawaka, bei ikashuka, akauza kwa hasara. Na alipokwisha kuuza, mvua ikaja!

Tulipokizungumza kitabu hiki darasani, wenzangu wa mjini walistaajabia kuuzwa kwa mke. Mimi nalistaajabia bei ya nafaka. Maana kwetu kangomba twaijua: mkulima aliyebanwa na shida humwuzia mchuuzi korosho zingali maua mtini, na mchuuzi huyo hushiba kwa haja ya mwenziwe. Mpango wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007 uliletwa ili kumwondoa mtu huyo katikati, na bado hajaondoka. Nalipomweleza mwalimu wetu habari ya kangomba, alinitaka nisimame niwaeleze wote, nikasimama.

Yako mambo magumu pia. Shakespeare alimlinganisha mpenzi wake na siku ya kiangazi. Jaribu kumwambia hivyo mchumba wako Nachingwea mwezi wa Oktoba, visima vimekauka na ardhi yaunguza nyayo! Ni lazima kwanza ujue baridi ya kwao ilivyo ndefu, na kiangazi chao kilivyo kifupi na cha upole, ndipo utaona ya kuwa ni sifa kweli.

Mwaka 1968 walimu watatu wa chuo cha Nairobi, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, walitaka idara ya Kiingereza ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Kwa maoni yangu walisema haki juu ya mahali pa kuanzia. Lakini kuanza nyumbani si kufunga mlango. Mwalimu Nyerere, aliyesoma Edinburgh tangu mwaka 1949 hata 1952, alimfasiri Shakespeare mara mbili, na mchezo wa mfanyabiashara wa Venice aliuita Mabepari wa Venisi, mwaka 1969. Tazameni neno alilochagua, miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha. Naye Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, wilaya ya Masasi, alipata shahada ya Kiingereza Makerere mwaka 1962. Akawa mhariri wa magazeti, tena Rais tangu 1995 hata 2005. Sisemi kila asomaye Shakespeare atakuwa Rais. Wengi wetu tu walimu, na viatu vyetu vyajulikana kwa vumbi.

Mwaka jana mzee mmoja wa hapa Ruangwa alinijia. Binti yake alikuwa amechaguliwa kusoma fasihi ya Kiingereza, na ufuta wa nyumbani ulikuwa ungali ghalani. Nilimwambia wazi, "Mzee, kazi haipatikani upesi, nafasi za ualimu ni chache na waombaji ni wengi." Nikamwambia pia ya kuwa kinywe kinachimbwa wilayani mwetu, na karatasi nyingi za mambo kama hayo huandikwa kwa Kiingereza kirefu, ni vema awepo mtoto wa hapa azoeaye kusoma maneno marefu hata mwisho, na kuuliza kilichofichwa katikati.

Akaniuliza, "Mwalimu, hatarudi akitudharau?"

Nikamsimulia habari ya Henchard, tangu gulio hata mvua. Alisikiliza kimya, akacheka pale mvua ilipokuja, kisha akasema, "Basi na aende. Lakini likizo ya kwanza aje na hicho kitabu, anisomee mwenyewe. Nataka kujua huyo mke alirudi au hakurudi."